Nani Amsemee Aliyeonewa?

Mwizi akikamatwa, sote twakimbilia kumwona yeye. Mwenye kuibiwa twamwacha mlangoni pake. Na akitokea mkubwa wa kumtetea, mara nyingi asema neno lake mwenyewe. Je, ni haki kumsemea mtu pasipo kumwuliza?

Tutazame Bogoro, katika Ituri. Tarehe 24 Februari 2003 wapiganaji walikishambulia kijiji kile, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mwaka 2014 korti ya kimataifa ya La Haye ilimhukumu mkuu wao mmoja, Germain Katanga. Mwaka 2017 iliamuru watu 297 wapewe kila mmoja dola 250, pamoja na msaada wa nyumba na masomo. Feza hiyo ni alama tu. Nani atapima kifo cha mama kwa dola?

Lakini kwanza waliulizwa. Karibu wote walikataa minara na sherehe za ukumbusho, kwa kuogopa kuamsha fitina. (Wakubwa hupenda sana minara, maana majina yao huandikwa pale.) Neno hilo la wanakijiji lilifika mbele ya mahakimu, nao wakalishika.

Basi mkubwa yule asemaye hadharani, “Watu wangu wamekwisha samehe,” aliwauliza siku gani?