Kuarifiwa si Kushauriwa

Ndugu msomaji, liko suala ambalo watu wa dola kubwa wamebishana juu yake kwa zaidi ya miaka mia mbili, nalo si lao peke yao: Je, yajuzu kwa kiongozi kuamrisha makombora yapige nchi nyingine pasi na idhini ya wale waliochaguliwa na raia?

Tuitazame Marekani, kwani huko ndiko suala hili lilikochimbwa zaidi. Walioandika katiba yake mjini Philadelphia mwaka 1787 walikuwa wametoka chini ya mfalme wa Uingereza, aliyekuwa na haki ya kuanzisha vita kwa neno lake peke yake. Hawakutaka jambo hilo lirejee. Wakaigawa amri mafungu mawili: Kongresi ndiyo itangazayo vita, na Rais ndiye amiri jeshi mkuu. Andiko la kwanza lilisema kuwa Kongresi ndiyo "ifanyayo" vita. Likageuzwa likawa "itangazayo", ili Rais abakiwe na uwezo wa kumrudisha adui aliyevamia kwa ghafula. Basi ruhusa aliyoachiwa ilikuwa ya kukinga, si ya kuanza.

Walakini mambo hayakukaa hivyo. Mara ya mwisho Kongresi kutangaza vita kwa tamko rasmi ilikuwa mwaka 1942. Mwaka 1950 Rais Truman alipeleka majeshi Korea bila ya tamko wala kura. Mwaka 1969 Rais Nixon alianza kuipiga Kambodia mabomu kwa siri. Kwa hivyo mwaka 1973 Kongresi ilipitisha sheria, ijapokuwa Nixon aliikataa, ya kwamba Rais akiyaingiza majeshi vitani aiarifu Kongresi katika muda wa saa 48, na asipopata idhini ayatoe baada ya siku 60, na aweza kuongezewa siku 30 za kuondoka kwa usalama.

Sheria hiyo njema ilitobolewa mlango wa nyuma. Mwaka 2011 vita vya Libya vilipita siku 60, na serikali ya Rais Obama ikasema kuwa kazi ya majeshi yake huko haikufikia kuitwa mapigano kwa maana ya sheria. Aprili 2017 Rais Trump alikipiga kiwanja cha ndege cha Shayrat, Syria, kwa makombora 59. Na Juni 2025 alipiga mahala pa nyuklia pa Iran: Fordow, Natanz na Isfahan. Mara zote mbili Kongresi haikupiga kura kabla. Iliandikiwa barua baadaye.

Hoja ya wanasheria wa serikali ni kwamba shambulio fupi lenye maslaha ya nchi si "vita" vilivyokusudiwa na katiba. Hoja hii yapimika kwa mizani nyepesi. Lau makombora hayo 59 yangaliangukia kiwanja cha ndege cha Marekani, nani kwao angalisema kuwa si vita? Jina la kitendo halibadiliki kwa kubadilika aliyekitenda.

Husemwa pia kwamba adui hangoji mjadala. Ni kweli, na ndiyo sababu ruhusa ya kukinga haikukatazwa. Lakini shambulio lililopangwa kwa siku nyingi, ramani zikatandikwa na saa ikachaguliwa, halina haki ya kujiita la ghafula. Aliyepata nafasi ya kupanga alipata nafasi ya kuuliza.

Hoja iliyo nzito zaidi ni kuwa baraza nalo hukosea. Agosti 1964, baada ya khabari za mashambulio katika Ghuba ya Tonkin, wabunge 416 waliafiki kumpa Rais Johnson mkono huru katika Vietnam, asipinge hata mmoja. Katika Seneti walipinga wawili tu. Baadaye ikadhihirika kuwa shambulio la pili lililotajwa halikutokea. Basi faida ya shauri i wapi?

Jawabu lake sisi twalijua. Siku ya Uhud, rai ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa kukaa Madina, wengi wakataka kutoka, naye akatoka, na Waislamu wakapata msiba mkubwa. Lau shauri lilikuwa la kuachwa kwa kuwa lilikosea, lingaliachwa siku hiyo. Bali katika Sura ya Aali Imran, katika aya zihusuzo vita hivyo, Mtume aliamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Shauri si dhamana ya kupatia. Ni haki ya wale watakaozika watoto wao na kulipa gharama. Na uwongo unaosemwa mbele ya baraza huacha ushahidi: kura ile ya Tonkin ilifutwa na Kongresi mwenyewe mwaka 1971.

Uingereza, tarehe 29 Agosti 2013, Waziri Mkuu Cameron aliliuliza Bunge juu ya kuipiga Syria, akashindwa kwa kura 285 kwa 272, akatii, ijapokuwa sheria haikumlazimisha. Aprili 2018 aliyemfuata, Theresa May, aliipiga Syria bila ya kuuliza. Ada njema isiyoandikwa hukaa maadamu mwenye amri apenda ikae. Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 imeandika wazi kuwa Rais hutangaza vita kwa idhini ya Bunge. Lakini tumeona Marekani kuwa hata lililoandikwa hulegea likikosa watu wa kulishika.

Wala tusidhani kuwa haya ni ya mbali. Mara ngapi msimamizi wa mali ya wakfu hutumia kwanza, kisha akaita mkutano kusoma hesabu, na sisi tukaitikia kwa vichwa? Anayearifiwa hakushauriwa. Na wanaozoea kuarifiwa katika madogo, wasistaajabu siku watakapoarifiwa kuwa wamo vitani. Na maji yakimwagika hayazoleki.