Mvutaji sigara: Tumcheke au tumshike mkono?

Sifa njema zote zinamstahikia Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita nilialikwa kutoa mawaidha baada ya sala ya Isha katika msikiti mmoja. Mada ilikuwa madhara ya sigara. Nilijiandaa vyema. Nilitaja aya ya 195 ya Suratul-Baqara, inayotukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Nikaeleza kuwa Baraza la Fat-wa la Malaysia lilitamka mwaka 1995 kuwa kuvuta sigara ni haramu, na kwamba wanazuoni wengi wa zama zetu wana msimamo huo, ingawa wapo wanaoishia kusema ni makuruhu. Kisha nikaongeza mzaha: nikasema wapo watu wa safu ya mbele ambao malaika wakiwapitia huziba pua. Watu wakacheka.

Mzee mmoja hakucheka. Alinisubiri nje akaniambia: "Ustadh, hayo yote nayajua. Nilianza kuvuta kabla hujazaliwa. Nilikuja kusikiliza namna ya kuacha, na hukusema." Sikuwa na jibu. Baada ya hapo sikumuona tena safu ya mbele, na baadaye nikaambiwa anasalia nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo najiuliza: tukishasema jambo ni haramu, je, wajibu wetu umekwisha?

Ukweli ni kwamba mvutaji hashindani na tabia tu. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache tangu avute, na mwili ukishaizoea huidai. Mtu akiacha hupata hasira, hukosa usingizi na hushindwa kutulia. Siku chache za mwanzo ndizo nzito zaidi, na hali hiyo huweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya majaribio 100 ya kuacha tumbaku bila msaada wowote, manne tu ndiyo hufanikiwa. Na tumbaku hiyo huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.

Sasa tuirejee dini yetu. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, tunasimuliwa habari za mtu aliyeua watu 99 kisha akataka kutubia. Mchamungu wa kwanza alimwambia hana toba, naye akauawa akawa wa mia. Mwanachuoni wa pili alimwambia mlango wa toba uko wazi, lakini hakuishia hapo. Alimuagiza auhame mji wake, aende kwenye mji wenye watu wanaomuabudu Allah, akaabudu pamoja nao. Tuzingatie: alimpa hukumu na akampa jamaa wa kuwa nao. Mimi usiku ule nilikuwa yule wa kwanza.

Wataalamu nao wameliona jambo hili kwa njia yao. Katika utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2011, wavutaji wapatao 5,800 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipelekewa ujumbe mfupi wa simu wa kuwatia moyo na kuwaelekeza waache vipi. Baada ya miezi sita, waliothibitishwa kwa vipimo kuwa wameacha walikuwa asilimia 10.7 katika kundi hilo, na asilimia 4.9 katika kundi lingine. Ni ujumbe wa simu tu, na idadi imezidi maradufu.

Nasi tukajaribu. Baada ya Ramadhani moja, vijana saba walioweza kukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila sigara, kisha wakaiwasha baada ya futari, walikubali kuwa na kundi la simu. Mwenye kubanwa na hamu usiku huandika, na aliye macho humjibu. Aliyeanguka husema ameanguka, na huanza upya kesho yake. Anayehitaji dawa za kupunguza hamu tunamuelekeza kwa daktari.

Wapo walionipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza alisema Mtume (SAW) amewalaumu wanaodhihirisha madhambi waliyositiriwa na Mola wao, sasa vipi tuwafundishe watu kuyaandika? Jibu langu ni kwamba anayelaumiwa ni mwenye kutangaza na kujifaharisha. Yule sahaba aliyemjia Mtume (SAW) akasema ameangamia, amemuingilia mkewe mchana wa Ramadhani, hakukemewa kwa kusema. Alitafutiwa njia ya kutokea, hata akaishia kupewa tende. Ndiyo maana kundi letu halina wageni, na lisemwalo humo ni amana.

Wa pili alisema kumpongeza mtu kwa siku tatu bila sigara ni kuidogosha haramu. Nami namuuliza: siku ya arobaini itafikiwa vipi bila kupita siku ya tatu? Pombe yenyewe iliharamishwa kwa hatua. Hukumu leo imekamilika na hatuipunguzi, lakini miguu ya mwanadamu bado inapanda ngazi moja moja. Na mlevi aliyekuwa akirudia kosa zama za Mtume (SAW) aliadhibiwa, lakini aliyemlaani alikatazwa.

Mwishowe nilikwenda nyumbani kwa yule mzee nikamuomba radhi mbele ya wanawe. Sasa yumo kundini. Bado hajaacha kabisa, ameanguka mara mbili, na kila mara amesema mwenyewe. Lakini amerudi msikitini. Waislamu tujiulize: ni yupi aliye karibu zaidi na toba, anayehangaika akiwa kati yetu, au aliyejifungia peke yake na pakiti yake kwa sababu tulimcheka?

Wabillahi tawfiq.