Uchovu wa Huruma Wodini

Mwaka 1992 Carla Joinson, akiandika katika jarida la wauguzi nchini Marekani, alizungumzia uchovu wa huruma, yaani hali ambayo muuguzi, kwa kubeba maumivu ya wagonjwa siku nenda siku rudi, hupungukiwa na uwezo wa kuguswa nayo, ingawa sindano anaichoma vilevile kwa usahihi. Dalili zake hujitokeza mapema katika kauli, pale mgonjwa anapoitwa "kitanda namba sita" badala ya jina lake. Kumlaumu muuguzi huyo ni rahisi, hasa kwa asiyewahi kukesha wodini. Lifaalo zaidi ni kwamba wakati wa kukabidhiana zamu, baada ya taarifa za dawa na vipimo, iwapo mgonjwa alifariki usiku, wenzake wamuulize kifo hicho kilimwacha katika hali gani, naye apate nafasi ya kujibu kabla ya kukimbilia daladala.