Kumficha Mgonjwa Khabari ya Maradhi Yake

Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Sahaba zake, na kila mwenye kuufuata mwendo wao.

Ama baada ya hayo. Suala tunalokusudia kulizungumza limekwisha kuzikuta nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Ghuba. Daktari humwita mtoto mkubwa nje ya chumba, akamweleza kwamba saratani ya baba yake imeenea, na kwamba dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Mtoto hufuta machozi, akarudi kitandani. Baba anapouliza, "Kasemaje daktari?", hujibiwa, "Kasema utapona, baba. Wewe kula tu." Je, jawabu hii ni wema au ni dhulma?

Kwetu sisi jambo hili lina sura yake khasa. Wazee wengi waliotoka Unguja na Pemba, au Burundi na Kongo, lugha yao ya moyoni ni Kiswahili. Muuguzi anayewageuza kitandani huenda akawa ametoka Kerala au Manila, na daktari anasema Kiarabu au Kiingereza. Mtoto, basi, ndiye mkalimani. Na mkalimani amebeba amana ya pande mbili: akibadilisha neno moja tu, mgonjwa amefungiwa mlango asioujua, na muuguzi naye hudhani kwamba mzee amekwisha kuelewa.

Hatusemi kwamba wenye kuficha wana nia mbaya. Wanakhofu mzee asivunjike moyo akaacha kula. Huruma hiyo ni ya kweli, wala hatuidharau. Lakini tutazame yaliyompata Saad bin Abi Waqqas. Aliugua Makka mwaka wa Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, akadhani kwamba mauti yamemkaribia. Mtume (S.A.W.) alipokwenda kumzuru, Saad alimuuliza kuhusu mali yake, kwani wakati ule hakuwa na mtoto ila binti mmoja. Hakuambiwa, "Nyamaza, usitaje mauti." Alijibiwa suala lake: thuluthi mbili hapana, nusu hapana, thuluthi inafaa, na hiyo nayo ni nyingi. Kisha akatiwa matumaini kwamba huenda akabakia na watu wakanufaika naye. Na kweli alibakia, akaliongoza jeshi la Qadisiyya. Mgonjwa yule alipewa jawabu ya wasia wake na akapewa matumaini katika kikao kimoja. Wanaodhani kwamba hivi viwili havikutani nawayazingatie haya.

Kwa Maibadhi suala hili lina uzito zaidi. Madhehebu yetu hayamwahidi uombezi aliyekufa juu ya dhambi kubwa bila ya kutubia. Na toba ya haki za watu haitimii kwa ulimi tu. Inataka kurudisha kilicho cha watu. Tena wasia kwa jamaa wa karibu wasiorithi ni wajibu kwa wanavyuoni wetu, si hiari. Mzee huyo pengine ana funga alizoziacha na kafara ambazo hajazitaja kwa mtu. Pengine ana dhahabu ya dada yake aliyebaki Wete, aliyokabidhiwa siku za safari, na hakuna ajuaye ila wao wawili. Siku ya tatu ya matanga dada anapiga simu kuuliza amana yake, nayo imekwisha kuhesabiwa katika mirathi. Ni nani aliyemdhulumu? Marehemu aliambiwa kwamba atapona, na mwenye kutarajia kupona huahirisha.

Juu ya hayo, wakati ni mfupi kuliko unavyodhaniwa. Mlango wa toba hufungwa roho inapofika kooni, na akili mara nyingi hutangulia kuondoka kabla ya hapo. Anayengoja "siku inayofaa" hujikuta akizungumza na mtu aliyelala asiyeweza kujibu.

Hata hivyo, kunyamaza si sawa na kusema uongo. Mgonjwa asiyeuliza hatulazimiki kumrundikia khabari. Wapo wasiotaka kujua, na hiyo ni haki yao. Wala daktari hajui ajali ya mtu. Anayesema "miezi mitatu" amekisia, na makisio hayo si lazima yafasiriwe. Anachokijua ni hali ya maradhi. Tunachokikataa ni kumjibu uongo mtu aliyeuliza kwa akili yake timamu.

Huko Uingereza, Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, alifungua St Christopher's mjini London mwaka 1967 kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alifundisha kwamba maumivu ya mwenye kufa si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, ya jamaa na ya roho. Muislamu hadhuriki kuichukua hikma hii. Mofini ikitolewa kwa kipimo chake na kwa wakati wake, mgonjwa hupata utulivu wa kusema aliyonayo. Ziko familia zinazoikataa kwa kukhofia ulevi, kisha zikamwacha mzee akilia usiku kucha, asiweze hata kutamka jina la anayemdai.

Wauguzi wengi huulizwa na wagonjwa usiku, jamaa wanapokuwa wamekwenda kulala: "Mwanangu, mimi ninakufa?" Familia imewakataza kujibu. Si haki kumtwika mtu wa mbali mzigo wa uongo wetu, na huyo ndiye anayemwosha mzee mdomo uliokauka na kumgeuza asipate vidonda vya kulalia.

Na baada ya mazishi? Majirani hupika, kama Mtume (S.A.W.) alivyoamrisha ifanyiwe nyumba ya Jaafar alipouawa Muuta, na watu hutoa pole wakaondoka. Aliyebaki ni yule mkalimani. Huzuni yake haifanani na ya ndugu zake, kwani wao waliomba radhi wakidhani kwamba ni mazoea tu ya kumzuru mgonjwa, naye hakuthubutu kuiomba asije akafahamika.

Basi ukiitwa nje ya chumba, muulize daktari kwanza ikiwa mzee ataendelea kuwa na fahamu, na kwa kiasi gani. Kisha rudi, kaa kitako, mshike mkono, na kabla hujafasiri neno lolote muulize, "Baba, unapenda nikueleze yote aliyosema, au nibaki nayo mimi?" Akisema yote, mweleze kwa Kiswahili chake, polepole, na daftari la wasia liwe karibu.