Tawi la Mwaka wa Ukame

Ndugu zangu wa kambi, nauliza hivi: mtu akikata tawi la mgunga mwaka wa mvua, na mwingine akakata tawi kama hilo mwaka wa ukame, kosa lao ni sawa?

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kakuma wanasema ni sawa tu. Mkono ni uleule, panga ni lilelile. Kweli, lakini mti si uleule.

Mgunga, ambao Waturkana wanauita ewoi, unazaa maganda yaliyojikunja kama pete. Nyasi zikiisha, hayo ndiyo chakula cha mbuzi, na miti ya kando ya mto ina wenyewe. Haki hiyo wanaiita ekwar. Mgeni anaona kuni tu. Sasa, kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mti wenye kiu unaangusha maua yake. Joto likizidi, chavua inaharibika, na ua linalobaki halishiki mbegu. Hata zile chache zinazopatikana, wadudu wanazitoboa. Mwaka mzuri, tawi moja si kitu. Mwaka mbaya, pengine ndilo lililobeba mbegu zote za mti.

Mrundi mmoja akanijibu: "Kaka, joto hilo tumelileta sisi? Sisi hata pikipiki hatuna." Ana haki. Moshi mwingi umetoka nchi tajiri, na mgao wa kuni haufiki mwisho wa mwezi. Maharage hayaivi kwa semina. Lakini nyumba ya jirani ikiungua, hata kama moto sikuuwasha mimi, siwezi kuchukua ndoo yake ya maji nikanawe miguu. Kutokuwa na hatia ya jambo hakunipi ruhusa ya kulizidisha.

Tena kuna mathenge. Huo hauogopi ukame: mizizi yake inafuata maji chini kabisa, unazaa sana, na mbuzi wanakula maganda yake na kusambaza mbegu kila mahali. Mgunga ukikosa kuzaa, mathenge ndiyo inaingia. Basi tukate huo. Miiba yake ni mibaya, najua, inapita hata kwenye sapatu, na kidonda chake hakiponi upesi. Kwa hiyo wafadhili wakituuliza tena tunataka mafunzo gani, kikundi chetu kitaomba glavu nene, jozi ishirini, na mapanga ya kutosha.