Namba ya Ofisi Isistaafu na Mtu

Panda barabara ya Kibosho kutoka Moshi mjini, au ile ya kutoka Himo kwenda Marangu na Mwika, usome mabango. Ofisi ya kijiji, zahanati, shule ya sekondari, chama cha msingi cha wakulima wa kahawa: kila bango lina sanduku la posta, na chini yake namba ya simu ya mkononi. Mara nyingi namba ya zamani imepakwa rangi na nyingine ikaandikwa juu yake. Rangi ile inanikera. Maana yake aliyekuwa akipokea simu amehamishwa, amestaafu au amefariki, na simu ya ofisi imeondoka naye. Watu wakisikia simu ya mezani hucheka, kama vile umetaja redio ya mbao, kisha huuliza kama kuna mtu anayeitumia siku hizi. Wapo. Lakini wanaoicheka hawajajiuliza kazi yake amerithi nani.

Sina haja ya kuipamba historia. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani takriban 173,000, na simu za mkononi kama 110,000. Mwaka uliofuata simu za mkononi zikapita mbele, wala hazikugeuka nyuma tena. Leo, kwa hesabu za mamlaka ya mawasiliano, TCRA, laini za mkononi zimevuka milioni 90, ilhali za mezani hazifiki laki moja. Anayeililia simu ya mezani akumbuke pia kwamba sensa ya 2002 ilihesabu Watanzania milioni 34.4, yaani laini moja ya mezani kwa watu kama mia mbili, na hao mia mbili hawakuwa wanakaa mtaa mmoja. Huku mlimani simu ilikuwa ya misheni, ya hospitali, ya hoteli za wapanda mlima. Mama wa Rombo mwenye mtoto Dar es Salaam alisubiri basi limletee barua, au alishuka mjini kupanga foleni. Vodacom ilipoanza mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001, na M-Pesa ikaja 2008, mama huyo alipata sauti ya mwanawe, na hela ya matumizi ikamfikia kihambani. Mtu akitaka kumrudisha kwenye foleni, mimi simo.

Ila katika furaha ile tulitupa vitu viwili kwa pamoja, waya na namba ya ofisi, na hicho cha pili kilikuwa bado kina kazi. Simu ya mezani ilikuwa mali ya meza. Tangu shirika la zamani la posta na simu lilipogawanywa, na kampuni ya simu ya TTCL ikaanza mwaka 1994, bili ya simu ya ofisi ilikuja kwa jina la ofisi. Namba yenyewe ilitangaza inakotoka: ukiona 027 ulijua ni Kilimanjaro au jirani zake Arusha, Tanga na Manyara. Mkuu wa shule akihamishwa, aliyekuja baada yake alikuta simu mezani na wazazi walewale wakipiga namba ileile. Karani akijibu, "Bwana mkubwa hayupo, acha ujumbe," ofisi ilikuwa imekwisha kupokea simu yako. Leo bwana mkubwa asipokuwepo, namba haipatikani, na ofisi nzima haipatikani pamoja naye. Malalamiko yako, ahadi uliyopewa, picha ya risiti uliyomtumia, vyote vimo kwenye simu ya mtu mmoja. Akiipoteza stendi, ofisi imepoteza kumbukumbu zake. Akiiacha laini bila kuitumia kwa muda mrefu, kampuni itaifunga na kumpa mteja mwingine, na wananchi wa kata nzima watakuwa wanampigia mgeni kuulizia hati ya kiwanja.

Matapeli waliliona pengo hilo kabla yetu. Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila mtu ameshaupata, na kuna wa hatari zaidi: sauti inayojiita mwalimu, inayosema mtoto wako ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitali, tuma hela ya dawa haraka. Mzazi aliyeko Dar atahakikisha vipi? Kama shule ina namba inayojulikana miaka yote, atapiga, ataulizia, tapeli ataumbuka. Kama shule inajulikana kwa namba ya mwalimu fulani aliyeondoka mwaka juzi, mzazi atatuma hela.

Hapa najua nitajibiwa: nunua laini moja ya mkononi, iite ya ofisi, yaishe. Sawa kabisa. Siabudu waya, na taasisi inaruhusiwa kusajili laini kwa jina lake. Tatizo ni tunavyofanya kweli. Mtumishi mmoja anaweka alama yake ya kidole na namba yake ya NIDA, laini inakuwa yake kisheria, inalala kwake, inakwenda naye likizo. Vocha ananunua mwenyewe kwa sababu fungu la simu halipo. Halafu tunamlaumu mtendaji wa kijiji asipopokea saa nne usiku siku ya Jumapili, wakati simu ni yake, salio ni lake na usingizi ni wake. Ofisi isiyo na simu yake inamdhulumu mtumishi kama inavyomdhulumu mwananchi, na jambo hili halisemwi vya kutosha.

Wengine watasema waya wenyewe haukuwa wa kutegemewa. Kweli: nyaya za shaba ziliibwa, masika yaliangusha matawi juu yake, na taasisi za umma zenyewe zililimbikiza madeni ya bili mpaka zikakatiwa. Lakini waya haukufa, umebadilika. TTCL ileile inayochekwa ilifikisha intaneti ya kasi kambi ya Horombo mlimani Kilimanjaro, mita 3,720, Agosti 2022, na kabla mwaka haujaisha ikaifikisha kileleni Uhuru, mita 5,895. Chini huku inauza faiba majumbani na maofisini, na juu ya faiba hiyo simu ya mezani inaongea vizuri. Wakazi wa Rombo wanaopakana na Kenya wanajua kero ya simu kuhamia mtandao wa ng'ambo ya mpaka bila kuombwa. Faiba iliyofukiwa haihami. Ina upungufu wake, nakiri. Laini ya shaba ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu, hivyo TANESCO wakikata iliendelea kulia, wakati kifaa cha faiba kinazimika pamoja na taa. Hilo ni suala la kununua betri.

Tena wapo ambao hawakudanganywa na fasheni. Hospitali kubwa, benki na hoteli bado zina simu za mezani, wala si kwa ushamba. Anayempigia mgonjwa wake KCMC hamtafuti muuguzi fulani, anatafuta wodi, na wodi haiendi likizo. Kama hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 inaelewa hivyo, ofisi ya kata inashindwaje?

Msimamo wangu ni kwamba ofisi yoyote inayolipiwa na kodi iwe na namba iliyosajiliwa kwa jina lake, yenye fungu lake la bili, inayopokelewa saa za kazi na yeyote aliyepo. Iwe ya shaba, ya faiba au ya laini ya mkononi iliyofungiwa mezani, ni mamoja kwangu. Waheshimiwa madiwani wa Moshi, Hai na Rombo, bajeti itakapoletwa mezani, ulizeni fungu hilo limeandikwa ukurasa gani. Kama halipo, msiipitishe.