Acheni Kumcheka Anayeshtuka

Wingu likitanda juu ya Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hakosi mtu wa kupaza sauti: "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka!" Kisha kicheko. Anayechekwa ni mama ntilie anayefunga masufuria kabla tone halijaanguka, awahi kwake kwenye bonde la Mto Msimbazi. Vijana wetu wameigeuza methali hii kuwa jina la woga.

Nakataa. Nyoka wa mama huyu ana tarehe: 20 Desemba 2011. Siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, ilishuka mvua ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haijaonekana jijini Dar es Salaam tangu 1954. Msimbazi ukafurika, watu wapatao 40 wakafa, wengine wakaokolewa juu ya mapaa. Mtu aliyekaa juu ya bati na watoto wake leo anafundishwa na wahamasishaji wa simuni eti hofu ni adui wa mafanikio!

Wapo wanaodai wahenga walimlaumu aliyeumwa kwa kushindwa kupambanua ung'ongo, jani la kusukia mkeka, na nyoka. Lakini atapambanuaje kabla hajatazama, na atatazamaje asiposhtuka kwanza? Methali inaishia hapo kwenye kushtuka. Haikusema alikimbia, wala kwamba tangu siku hiyo hasuki tena mkeka. Ushujaa wa mtu unaanzia pale wahenga waliponyamaza: anatazama tena, halafu anafanya nini?

Mama ntilie wetu, vyeti vya kuzaliwa vya wanawe viko kwenye mfuko wa nailoni, vimefungwa kenchini. Godoro liko juu ya matofali. Mvua ikianza, kabla ya vitu vyake anakwenda kwa bibi wa nyumba ya pili asiyeweza kutembea. Mwenyewe husema kabla ya mafuriko yale hata salamu walikuwa hawapeani.

Sisemi mafuriko ni mwalimu mwema. Wapo ambao mpaka leo mvua ya usiku inawakosesha usingizi, na kuwaambia wamekomazwa ni kuwadhihaki. Mafuriko hayamkomazi mtu. Hukomaa kwa alichoamua kukifanya maji yalipokauka, na kwa mkono alioshikwa.

Utauliza: kama anashtuka hivyo, mbona hahami? Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, na baadhi wakarudi bondeni. Tusiwaite wapumbavu. Riziki yao iko Kariakoo, Mabwepande ni mbali, na nauli hula faida yote ya sufuria moja la wali. Kushtuka hakulipi kodi ya nyumba ya mwinukoni.

Basi wewe unayeishi karibu na Msimbazi, usingoje kuumwa mwenyewe. Kabla ya masika pandisha vyeti vyako juu, na ujue ni jirani yupi atahitaji kubebwa.